Maji Yalitoka Juu

Ploti ya mamangu iko Likoni, upande wa bahari kuu, ukishavuka feri na kuipita njia ya Shelly. Ni kipande chembamba kinachoanzia barabara ya mchanga na kuishia pale ardhi inapokatika ghafla. Chini yake, kama mita 7, ni ufuo. Kwenye ploti hiyo ndipo nilipozaliwa. Naandika haya kwa sababu miezi miwili iliyopita watu watatu wamenipigia simu, wote wenye ploti za ukingoni, mmoja Mtwapa na wawili upande wa Diani, na wote wakaniuliza swali moja: "Fundi gani alikujengea ukuta?" Ndilo swali nililouliza mimi mwaka 2017, ukingo wetu ulipoanza kuporomoka, na jibu lake lilinila shilingi 740,000.

Tulipokuwa watoto ule ukingo ulikuwa kichaka. Kulikuwa na mikungu miwili, mkwaju mmoja mkubwa, mivinje, na vichaka vya miba ambavyo sikuwahi kujua majina yake. Chini, mchanga ulipoanza, mlakasa ulitambaa na maua yake ya zambarau. Kushuka baharini tulipita kijinjia kilichopindapinda kama nyoka, unakwenda kushoto, unarudi kulia, na ukiwa na haraka kilikuudhi. Mamangu alikuwa akiuza mahamri na mbaazi, na maji ya kuoshea masufuria, ambayo hayakuwa machache, aliyabeba kwa ndoo hadi upande wa barabarani akamwagia mipapai. Nilimuuliza siku moja kwa nini asiyamwage hapo hapo ukingoni, ni hatua tatu tu kutoka jikoni. Akanijibu, "Ukingo una wenyewe." Sisi tulidhani anasema majini, na tukaogopa kukojoa upande ule. Huenda ndivyo alivyokusudia.

Alifariki mwaka 2013. Kakangu yuko Muscat miaka mingi, na kwa pesa zake na akiba yangu tukaamua kujenga: nyumba ya familia, na vyumba viwili vya kukodisha vinavyotazama bahari. Mwaka 2014 tukasafisha ploti. Neno lenyewe ni hilo, kusafisha. Fundi alisema mpangaji hulipia bahari, hatalipia kichaka, na mimi nikaona ni maneno ya busara. Mikungu ikaangushwa, mivinje ikauzwa boriti, mkwaju ukakatwa ukabaki gogo. Mwaka 2015 tukahamia. Kutoka baraza hadi ukingo ilikuwa mita 7, na nikapanda nyasi za kisasa sehemu yote hiyo. Bomba la kumwagilia lilifunguliwa alfajiri na magharibi. Wageni wakija walisema wako hotelini.

Mambo matatu zaidi tuliyoyafanya mwaka ule nitayataja haraka, kwa kuwa wakati huo hayakunishughulisha hata dakika moja. Mteremko wa ploti unaelekea baharini, kwa hiyo shimo la choo la kufyonza maji liliwekwa upande huo, mita 4 kutoka ukingoni, ili uchafu uende wenyewe bila pampu. Maji ya paa yaliingia kwenye gata, gata ikaingia kwenye paipu, na paipu ikatokeza nje ya ukingo ikayamwaga hewani. Na ile njia ya nyoka tukaiacha, tukachonga ngazi zilizonyooka kama rula kutoka juu hadi mchangani.

Mzee mmoja mvuvi, rafiki wa marehemu babangu, ambaye mimi humwita Ami, alikuwa akipita ufuoni kila maji yakitoka. Januari 2017, upepo wa kaskazi umekaza, kila kitu kimekauka hata minazi imechoka, akaniita nishuke. Akanionyesha uso wa jabali letu. Nusu ya kimo chake kulikuwa na mstari wa majani mabichi, yamestawi kama bustani, na chini ya majani jiwe lilikuwa na unyevu. Mimi nikafurahi, nikasema, "Ami, waona baraka." Akaweka kiganja chake pale, akakinusa, kisha akaniletea puani. Sabuni. Sabuni ya kufulia, ile ya mche.

"Jabali lako latoka jasho, mwanangu," akasema. "Na jabali halitoki jasho kiangazi."

Nikacheka. Nikamkaribisha chai.

Mvua kubwa ya Mei ile, ambayo watu wa Mombasa bado wanaikumbuka kwa jinsi mitaa ilivyogeuka mito, haikuchukua nyumba. Ilichukua kipande cha bustani. Nilisikia kishindo usiku, nikadhani ni mnazi. Asubuhi nyasi zilikuwa zimekatika kama keki, na mita 1.7 haipo. Kilichonitisha zaidi hakikuwa kile kilichoanguka. Kilikuwa ufa uliobaki, mwembamba, umepita katikati ya nyasi sambamba na ukingo, kuanzia kwenye ngazi hadi karibu na shimo la choo.

Waswahili wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba ufa, kwa zege, na nikajenga ukuta vilevile. Sikumuuliza mtu yeyote aliyesomea ardhi. Nilimuuliza fundi wa nyumba, mtu mwema na hodari wa kazi yake, na fundi wa nyumba ukimuuliza tatizo lolote jibu lake litakuwa na mawe na simiti. Tukakubaliana: bahari inakula jabali kutoka chini, basi tuizuie bahari. Ukuta wa urefu wa mita 24, kimo cha mita 2, miguuni mwa jabali.

Hebu niyaseme makosa ya ukuta ule, maana ndiyo shule yangu ya gharama kubwa. Mawe yaliyoporomoka Mei yalikuwa yamelala chini ya jabali, chungu nzima. Fundi akasema, "Mama, haya ni mali ya bure," na tukayapasua tukajengea. Baadaye nilifundishwa kwamba chungu ile ilikuwa kinga: wimbi lilikuwa likijipigia pale kabla ya kulifikia jabali. Tulimvua nguo mtu kisha tukamshonea nguo kwa kitambaa kile kile. Mchanga tuliuchota hapo hapo ufuoni, na mchanga wa bahari una chumvi, chumvi ikala nondo kutoka ndani. Baada ya miaka miwili ukuta ulikuwa na michirizi ya kutu kama machozi. Na kubwa kuliko yote, hatukuacha hata tundu moja la kutolea maji. Fundi aliona tundu ni udhaifu, bahari itaingia. Tulikuwa tunaitazama bahari, sote, migongo yetu imeelekea nyumba.

Leseni pia sikuwa nayo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoiunda NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na kazi kama ile ya ufuoni inatakiwa kufanyiwa tathmini ya athari kwanza. Isitoshe, Katiba ya 2010 inasema ardhi iliyo kati ya maji yanapojaa na yanapokupwa ni ya umma. Maana yake ukuta wangu, uliokuwa ukiloweshwa na kila bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, haukuwa hata kwenye ploti yangu. Haya niliyajua baadaye, kwa barua yenye mhuri. Mtu akikuambia "huku kila mtu anajenga tu", mwambie kwamba hata mimi niliambiwa hivyo.

Mwaka wa kwanza ukuta ulisimama na mimi nikatembea kifua mbele. Lakini jirani yangu wa upande wa kaskazini, anayekodisha mashua, alianza kunisalimia kwa kifupi. Kisha akaacha kabisa. Mwishowe akaja barazani na kusema kwa adabu sana, adabu inayouma, kwamba tangu nijenge ukuta mchanga wa kwake unaondoka. Mashua hazina pa kuvutwa. Minazi yake mitatu ya mbele mizizi ilikuwa nje, na mmoja ukaanguka wakati wa kusi.

Nilimkatalia. Nilisema bahari ni ya Mungu. Usiku sikulala, kwa sababu nilishaona kwa macho yangu kinachotokea: wimbi likifika kwenye ufuo wa kawaida hupanda, huchoka, na kurudi polepole likiacha mchanga. Likifika kwenye ukuta wangu lilipiga, likaruka juu, likarudi kwa hasira na kuchimba mchanga miguuni mwa ukuta, halafu pale ukuta ulipoishia likajipinda na kuingia kwake. Pepo nazo zina desturi yake. Kusi, kuanzia kama Aprili hadi Septemba au Oktoba, husukuma mchanga wa pwani yetu kuelekea kaskazini. Kaskazi ikija huurudisha kusini. Ufuo hukopa na kulipa. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya deni la watu.

Oktoba 2019 mvua ya vuli ilikuja kama masika mawili. Usiku wa tatu ukuta ulivimba tumbo. Sisemi kwa mfano, ulivimba kabisa, ukatokeza kuelekea baharini, na bahari wakati huo ilikuwa imekupwa, mbali, imetulia. Hilo ndilo nililomwambia kila mtu baadaye: maji yalikuwa yametoka, hakuna wimbi lililogusa ukuta, na ukuta ukaanguka kuelekea baharini. Kitu kilichousukuma kilitoka nyuma yake. Kona ya kusini ya bustani iliufuata, na paipu ya paa, na ngazi zilizonyooka, na upande mmoja wa shimo la choo ukabaki wazi, uchafu wetu unateremka mbele ya macho ya ufuo mzima. Mita 3 zilikwenda kwa usiku mmoja. Kutoka kona ya baraza hadi ukingo zikabaki mita 2.3.

Nilikaa sakafuni jikoni nikalia kwa aibu zaidi kuliko kwa hasara. Asubuhi aliyekuja kwanza alikuwa yule jirani wa mashua, na vijana wake wanne, na turubali. Hakusema neno kuhusu minazi yake. Walifunika ukingo, wakachimba mfereji wa haraka kugeuza maji yaende barabarani. Nilijaribu kuomba msamaha na sauti haikutoka. Kakangu nilipompigia alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo pesa yangu imeingia baharini." Tulikaa miezi mitano bila kuzungumza ila salamu tu.

Injinia wa udongo nilimpata kupitia binamu yangu. Alivuka feri Jumamosi moja, kijana mwenye miwani, na nilimtayarishia hotuba. Nilimwambia kwamba hata Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya jabali la matumbawe kama letu, imebidi iwekewe ukuta upande wa bahari miaka hii ya karibuni. Sasa mimi nani? Akasema, "Pale anayekula anajulikana, mama. Hapa tumtafute kwanza." Kisha akaomba chai, kalamu, na bili za maji.

Bili za maji! Nilidhani ananitania. Akauliza tuko watu wangapi. Tulikuwa kumi, pamoja na wapangaji. Akakadiria lita 80 kila mmoja kwa siku, ndizo lita 800, na zote zilikuwa zikiishia kwenye shimo tulilolichimba mita 4 kutoka ukingoni. Kwa mwaka ni lita 292,000. Paa letu ni mita 140 za mraba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili, na Mombasa hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Hizo ni lita 140,000. "Kwa hiyo mama," akasema, "choo chako kinalinyeshea jabali mara mbili ya paa lako, na hakina kiangazi." Bado hajahesabu nyasi.

Kisha tukashuka chini akaniridhisha kwa macho. Juu kuna udongo mwekundu wa kichanga, kina cha mita mbili au tatu. Chini yake ni jiwe la matumbawe, mwamba wa bahari ya zamani sana uliobaki juu bahari ilipoteremka. Maji yakiingia kwenye udongo hushuka hadi yakute tabaka gumu zaidi, hapo hayashuki tena, huenda pembeni yakatafuta pa kutokea. Pa kutokea ni uso wa jabali. Ndio ule mstari wa majani, jasho la Ami. Udongo ukilowa huwa mzito, na wakati huo huo chembe zake huacha kushikana; uzito unaongezeka na nguvu inapungua. Mimi juu yake nikaweka baraza na vyumba.

Na miti? Nilimwambia kwamba tulikata mwaka 2014 na hakuna kilichotokea miaka mitatu, basi si miti. Akatabasamu. Mti ukikatwa mizizi haifi siku hiyo. Inaendelea kushika kwa muda, kisha inaoza polepole, na baada ya miaka kadhaa kinachobaki ni matundu yanayopeleka maji ndani. Gogo la mkwaju lilikuwa hapo hapo ufa ulipoanzia. Nenda barabara ya Mama Ngina siku yoyote uitazame ile mibuyu ilivyoshika jabali, utaelewa alichokuwa akisema kuliko ninavyoweza kuandika.

Hakuiondolea bahari lawama pia, na mimi sitaki mtu aelewe hivyo. Chini kabisa alinionyesha kwapa, ule mchongo wa ndani ambao mawimbi na viumbe wanaotoboa mawe wamechonga usawa wa maji yakijaa. Juu ya kwapa jiwe linaning'inia, na siku moja litaanguka. Hivyo ndivyo majabali ya pwani yetu yanavyorudi nyuma tangu hatujazaliwa. Miamba hai iliyo nje ndiyo inayoyavunja mawimbi kabla hayajafika, nayo iliumia vibaya mwaka 1998 maji yalipopata joto na matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Hilo halikunihitaji mimi. Lakini kwapa lilikuwa la sentimita chache, na sisi tulikuwa tumepoteza karibu mita 5 kwa miaka miwili na nusu. Bahari ilikuwa ikitafuna polepole. Sisi tulikuwa tukimsukuma mgonjwa aanguke kitandani.

Kazi ya 2020 ilifanyika katikati ya korona, vyumba havina wapangaji, jambo ambalo kwa kweli lilirahisisha. Choo kilihamishwa upande wa barabara, baiodaijesta, yaani tangi la kuozesha uchafu, na pampu ndogo kwa kuwa ni kupandisha: shilingi 185,000. Matangi mawili ya lita 10,000 na gata mpya, ziada ikielekezwa kwenye mfereji wa barabarani: 230,000. Injinia alichukua 60,000, na alikuja mara tatu. Jumla 475,000. Linganisha na ukuta. Halafu ongeza 110,000 za kuubomoa ukuta uliobaki na kuondoa nondo zilizokuwa zikitokeza kama miiba kwenye ufuo wa watoto. Mawe safi, yasiyo na simiti, tuliyaacha pale chini yalale.

Baraza ililazimika kwenda, na chumba kimoja cha kukodisha, kilichokuwa kikiingiza 12,000 kwa mwezi. Injinia hakulazimisha, alisema tu kwamba uzito ulio karibu na ukingo ni uzito. Niliivunja baraza wiki ile ile kabla sijabadili nia. Ndiyo sehemu iliyoniuma, kwa sababu baraza ilijengwa palepale mamangu alipokuwa akikaa kusukuma mahamri.

Nyasi nilizing'oa nusu, nyingine zilikufa zenyewe kwa kukosa maji, na sikuzililia. Kupanda upya ndiko nilikokosea tena, kidogo. Nilinunua miche ya mivinje kumi nikaipanda ukingoni kabisa. Injinia aliponitumia ujumbe kuuliza hali nikamtumia picha, akapiga simu mara moja: mti mrefu ukingoni hushika upepo wa kusi na kuutikisa udongo, panda mirefu nyuma, vichaka vifupi mbele, na vitambaavyo usoni. Mlakasa sikuununua. Ami aliniletea vipande vya mashina yake kwenye gunia, tukavichomeka mchangani mwanzo wa mvua za masika, tukawekea uzio wa makuti watu wasivikanyage. Kikapotea kimoja, vikashika viwili, ndiyo hesabu yake. Njia ya kushukia tumeirudisha ya nyoka. Watoto wa wageni wanalalamika.

Kama una ploti ya ukingoni na bado hujajenga chochote, jambo la kufanya kesho ni kununua vigingi vitatu vya chuma na kuvikita mahali pasipohama, kisha kila tarehe mosi upime hadi ukingoni na kuandika. Mimi nilipoteza miaka miwili nikibishana na jirani na fundi na kakangu bila hata mmoja wetu kuwa na kipimo. Ukiwa umejenga, mvua ikinyesha usikae ndani. Vaa koti utoke, ufuate maji kwa miguu yako kutoka paani hadi yanapopotelea. Na uende chini kiangazi, sio masika. Masika kila jiwe limelowa. Ukikuta ubichi kwenye uso wa jabali Januari au Februari, weka kiganja, unuse. Ukiona ufa sambamba na ukingo, hamisha watu kwanza halafu ndipo utafute mtaalamu. Takataka za bustani na vifusi usivitupe mtelemkoni ukidhani unaujaza. Vinaua kilichoota chini yake na kushika maji kama sifongo. Nasi tulifanya hivyo, sikuwa nimelitaja kwa aibu.

Kuhusu ukuta, sisemi usijenge kamwe. Kuna mahali hakuna njia nyingine. Nasema uwe jambo la mwisho, uwe na leseni, uwe na matundu, na majirani wa pande zote mbili wawe wamekaa kwenye mkeka wako kabla ya jiwe la kwanza. Jirani yangu mchanga wake umerudi kiasi, kuanzia kaskazi ya pili baada ya kubomoa. Yeye anasema ni kwa sababu ya ukuta kuondoka. Mimi najua pepo huwa na miaka yake mizuri, lakini simbishii. Mnazi nilimlipa, alikataa pesa, nikampandia mitatu.

Vuli ya 2023, ile ya El Niño, nililala na viatu. Mvua ilipopungua nikashuka na tochi. Uso wa jabali ulikuwa umelowa kama kila kitu duniani siku ile, na udongo uliokuwa chini haukujaza ndoo. Tulipoteza sentimita 6. Februari iliyofuata nilimpigia Ami, ambaye sasa hatembei sana, vijana wakamleta hadi ufuoni kwa bodaboda. Akaangalia pale penye mstari wa majani. Yalikuwa yamekauka, yamekuwa rangi ya makuti. Aliweka kiganja, akanusa, akaniambia hasikii kitu, ila na pua yake nayo imezeeka.

Tarehe mosi ya mwezi huu kijana wangu alipima kutoka ukutani mwa nyumba: mita 4 na sentimita 31, kama mwezi uliopita, na uliotangulia. Jioni kakangu akapiga simu kutoka Muscat, akauliza sasa kwamba mambo yametulia, je, hatuwezi kuirudisha baraza, hata ndogo, ya kukaa watu wawili? Nikamtumia picha ya kigingi.